Naombeni ushauri: farasi wangu hakubali kuzunguka kulia

Upepo_wa_Kusi
Salaam aleikum nduzangu. Nina farasi jike wa miaka 7, zamani alikuwa wa mbio kule Ngong. Niko naye Bamburi tangu mwezi wa tano. Nataka kumfundisha dresaji: farasi aende kwa utulivu, akate duara kamili, asimame miguu minne sawa kwa ishara ndogo tu ya mpandaji. Uwanja nimeupima mita 20 kwa 40 nyuma ya nyumba, nikapanga madebe yenye herufi A, K, E, H, C, M, B na F pembezoni. Kushoto anazunguka vizuri mpaka raha. Kulia anarusha kichwa, anakaza shingo, kisha anatoka mbio. Ana damu moto kweli. Swali langu ni hili: lijamu gani kali, yaani chuma cha mdomoni, itamshika? Nimeonyeshwa moja yenye vyuma virefu pembeni na nimeshalipa arubuni. Wiki nzima sijalala vizuri.

Mama Zaituni
Mwanangu, farasi ni gharama. Nyasi hizo zatoka bara, na lori halibebi bure. Ningekuwa wewe ningemuuza nikafuga mbuzi wa maziwa. Mbuzi hakukoseshi usingizi.

Mzee wa Kibokoni
Babu yangu alikuwa na punda hapa Mji wa Kale, akibeba maji na mawe ya ujenzi. Hakupigwa hata siku moja. Alijua njia zote, ukimwachia yuwarudi mwenyewe hadi mlangoni, na watoto tukimlalia shingoni. Punda alipokufa, babu hakula siku mbili. Nikisikia kwato kwenye lami hadi leo namkumbuka.

Saisi Mstaafu
Nimefanya usaisi, kazi ya kutunza farasi, miaka 22. Farasi wa mbio amezoezwa kwamba hatamu zikikazwa, aegemee lijamu na kuongeza kasi. Ukimtia chuma kikali utamuumiza mdomo, na farasi akiumia hukimbia, ndivyo alivyoumbwa. Kwa hiyo niachie hilo la lijamu kwanza, unijibu haya: mchana nani anampanda? Kwa tandiko lipi? Na nani ameanguka? Maana mtu haanzi tu kutafuta lijamu kali.

Upepo_wa_Kusi
Sikutaka kuliandika hili. Alasiri anabeba wageni ufuoni, saa tisa hadi magharibi. Jumapili iliyopita alimwangusha mpwa wangu wa miaka 12, akavunjika mkono. Dada yangu hasemi nami tangu siku hiyo. Lakini nielewe, mzee, pesa za ufuoni ndizo zinazomlisha huyo farasi. Akishajua dresaji namtoa ufuoni kabisa, nifundishe watoto kupanda uwanjani. Ndiyo maana nina haraka. Tandiko ni zuri, la ngozi, nililitumia kwa farasi niliyekuwa naye kabla yake.

Kijana wa Tudor
Kwani huyo farasi ana kazi mbili? Mchana ufuoni, jioni shule. Mpe na likizo, kaka.

Mkunguni
Mimi huu uzi siuamini. Nauza madafu ufuo wa Pirates kila siku ya Mungu, na ninaowaona pale ni ngamia. Leo tunaambiwa kuna farasi wa Ngong na madebe ya herufi? Umesoma mahali ukaja kututungia. Na kumtia mtoto aliyevunjika mkono ndani ya hadithi si vizuri.

Kijana wa Tudor
Weka picha basi, yaishe.

Upepo_wa_Kusi
Picha siweki, nina dada na mtoto wa kuwalinda. Niulizeni chochote.

Saisi Mstaafu
Basi nenda zizini sasa hivi na tochi. Mmulike pale palipoinuka baina ya mabega, pande zote mbili. Kisha pitisha vidole viwili polepole, kutoka hapo hadi kiunoni. Rudi utuandikie ulichokiona.

Upepo_wa_Kusi
Nimetoka huko. Yeye ni wa kahawia iliyoiva, na upande wa kulia, chini kidogo ya hapo ulipotaja, pana doa la nywele nyeupe kama sarafu ya shilingi 20. Mwezi wa tano halikuwapo. Nilipoliona mara ya kwanza nilifikiri ni jua. Nilipoligusa, ngozi ikatetemeka na mgongo ukazama chini ya vidole vyangu. Akageuza shingo akaniangalia. Hakuniuma. Kushoto hana kitu.

Mkunguni
Hilo hutungi. Samahani ndugu yangu, nimekukosea, na mtoto namtakia afya.

Saisi Mstaafu
Nywele nyeupe huota pale tandiko lilipobana hadi likaharibu mizizi ya nywele. Tandiko lilikaa sawa kwa mgongo wa yule wa kwanza, huyu lamfinya. Kila akipinda kulia yuwachomwa, ndiyo hiyo unayoiita damu moto. Asipandwe na mtu. Mwite daktari wa mifugo, amtazame mgongo na meno. Akipona, anza na kamba ndefu, wewe katikati naye akizunguka duara la mita 20, mgongo mtupu bila mpandaji, dakika 15 tu, alfajiri kabla joto halijapanda. Na usidhani dresaji ni kushindana nguvu. Lis Hartel wa Denmark alipooza kwa polio, miguu kuanzia magotini kwenda chini haikumtii, na alipata medali ya fedha ya dresaji Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Angemlazimisha farasi kwa miguu ipi?

Upepo_wa_Kusi
Arubuni ya lijamu naiacha ipotee. Lakini Jumamosi nina wageni wanne walioshalipa. Labda matembezi mafupi tu, kwa blanketi badala ya tandiko?

Saisi Mstaafu
Mgongo ni ule ule.

Mama Zaituni
Warudishie watu pesa zao, mwanangu. Kisha mpigie dadako, umwambie kuhusu hilo doa.

Upepo_wa_Kusi
Wageni nimewarudishia. Daktari anakuja kesho saa mbili asubuhi. Dada nimempigia mara mbili, hajashika. Nitakwenda kwake mwenyewe.