Gumzo la ukoo: Elizabeth alimpenda Darcy au jumba lake?

Nasra: Asalamu aleikum ukoo mzima. Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen, imekwisha, sasa tuambiane ukweli. Elizabeth Bennet anamkataa tajiri Darcy akimposa sura ya 34, anakwenda kuliona jumba lake la Pemberley sura ya 43, anamkubali sura ya 58. Mimi naona kilichomgeuza moyo ni jumba.

Shangazi Rukia: Waaleikum salaam mwanangu. Umeruka sura ya 35 na 36, na ndizo zilizobeba kitabu. Kesho yake baada ya kukataliwa, Darcy anamkabidhi barua. Elizabeth alimshtaki kwa mambo mawili: kumtenga rafiki yake Bingley na Jane, dada mkubwa wa Elizabeth, na kumdhulumu Wickham, afisa kijana. La kwanza anakiri na kueleza sababu. La pili analijibu kwa hesabu: Wickham aliachiwa na baba yake Darcy urithi wa pauni 1,000, akaukataa uchungaji aliowekewa, akapewa pauni 3,000 badala yake, akazimaliza, kisha akarudi kuudai uchungaji uleule. Aliponyimwa, akataka kumtorosha Georgiana, mdogo wake Darcy, binti wa miaka 15 mwenye pauni 30,000. Elizabeth anairudia barua mpaka anaona aibu kwa alivyomhukumu mtu. Pemberley hata hajaikanyaga.

Fahmi: Lakini shangazi, sura ya 59 Jane anamuuliza alianza kumpenda lini, naye anajibu kwa kinywa chake: tangu alipoviona viwanja vya Pemberley.

Shangazi Rukia: Endelea na mstari unaofuata. Jane anamsihi aache mzaha, ndipo anapata jibu la kweli.

Nasra: Na sura ya 43 je? Pale anawaza peke yake kwamba kuwa bibi wa Pemberley si jambo dogo. Hamtanii mtu.

Shangazi Rukia: Hilo lipo, silikatai. Ila papo hapo anakumbuka kwamba mjomba wake Gardiner na mkewe asingeruhusiwa kuwakaribisha nyumba ile, na wazo hilo linamwondolea majuto. Kinachomgusa hasa ni Bi Reynolds, msimamizi wa nyumba, aliyemjua Darcy tangu ana miaka minne na hajapata kusikia neno kali kutoka kwake. Mtumishi wa siku nyingi anamjua bwana wake kuliko wageni wa dansi.

Wifi Mwanaidi: Jamani mimi nimo sura ya 20 na majina yananichanganya. Halafu nakala yangu haina sura ya 34!

Da Saumu: Wifi, ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1813 ilikuwa vitabu vitatu, na baadhi ya nakala huanza kuhesabu upya kila kitabu. Cha kwanza kina sura 23, cha pili 19, cha tatu 19, jumla 61. Kwa hiyo hiyo ya 34 wewe itafute kitabu cha pili, sura ya 11. Majina nayo yana kanuni: "Miss Bennet" bila jina jingine ni binti mkubwa, Jane. Wadogo hutajwa kwa majina yao, "Miss Elizabeth", "Miss Lydia". Ukikosea hapo, mazungumzo ya dansi yote yanakupotea.

Wifi Mwanaidi: Ahsante sana dada, kumbe ndiyo maana.

Kassim: Mimi kimenichosha. Watu wanazungumza sebuleni, wanakunywa chai, wanaandikiana barua. Mapenzi yenyewe hayana moto.

Da Saumu: Mwandishi Charlotte Brontë alikuwa na lawama kama yako. Mwaka 1848 alimwandikia mhakiki G. H. Lewes kwamba alichokikuta ni bustani iliyozungushiwa ua na kutunzwa vizuri, bila uwanda wala hewa. Lakini mwandishi Walter Scott, katika shajara yake ya 1826, anasema ameisoma kwa mara ya tatu kwa uchache, na anamsifu mwandishi kwa kuyapa uhai mambo ya kawaida. Na Austen mwenyewe, Februari 1813, kitabu kikiwa kipya kabisa, alimwandikia dada yake kwamba kinang'aa kupita kiasi, kinataka kivuli kidogo.

Kassim: Basi mwenye kitabu tumepatana.

Mjomba Hamadi: Wanangu, mnabishana juu ya mapenzi na hamjatazama mirathi. Shamba la Bennet, baba yake Elizabeth, huingiza pauni 2,000 kwa mwaka, lakini limefungwa kisheria limwendee mwanamume, yaani Collins, jamaa yake. Mabinti watano hawapati hata shubiri. Wanachongoja ni zile pauni 5,000 walizoandikiwa mama na watoto. Collins akimposa Elizabeth, sura ya 19, anamtajia fungu lake waziwazi: pauni 1,000 kwa faida ya asilimia 4, tena mpaka mama afe. Hiyo ni pauni 40 kwa mwaka. Sasa pigeni kwa faraidhi, mirathi ya Kiislamu: mke thumni, mabinti theluthi mbili, kinachobaki ni cha asaba, jamaa wa kiumeni. Katika 2,000, mama 250, kila binti 266 na kitu, na Collins, ikiwa nasaba yake ni ya kiumeni, 416. Kwa hesabu hiyo hakuna binti ambaye angelazimika kumtazama Collins mara mbili.

Nasra: Mjomba, hapo umenifungua macho. Basi Charlotte Lucas, rafiki yake Elizabeth aliyeolewa na Collins, nimemwonea.

Fahmi: Mimi simsamehei. Collins kaposa wanawake wawili ndani ya siku tatu, naye anamkubali!

Da Saumu: Ana miaka 27, hana sura wala mali, na hamdanganyi mtu: anasema anataka nyumba yake. Tazama sura ya 28 na ya 30 anavyoiendesha. Anamhimiza mume ashinde bustanini, na sebule yake anaichagua ya upande wa nyuma, maana ingekuwa nzuri kama chumba cha mume, mume angeshinda humo. Hiyo ni akili ya mtu aliyejua anachokinunua na bei yake.

Fahmi: Bei ni maisha yake yote, dada. Siwezi kuiita akili.

Wifi Mwanaidi: Na huyo Lydia, mdogo wao, anayetoroka na Wickham, kosa la nani? Mmeshaniharibia mwisho, niambieni tu.

Shangazi Rukia: Elizabeth ana sehemu yake. Alishamjua Wickham kwa ile barua, akakubaliana na Jane wanyamaze. Darcy ndiye aliyelipa ili Wickham amwoe Lydia: madeni ya zaidi ya pauni 1,000, nyingine 1,000 za kumwekea Lydia, na cheo cha jeshi alichomnunulia Wickham. Akataka isijulikane.

Mjomba Hamadi: Mimi kosa nalipeleka kwa baba yao. Sura ya 41 Elizabeth anamwonya asimruhusu Lydia kwenda Brighton, baba anaona usumbufu, anaruhusu. Na la pesa ni la zamani zaidi. Alipooa hakuweka akiba kwa sababu alikuwa na hakika atapata mtoto wa kiume, ambaye akitimiza umri wangelifungua shamba pamoja. Wakaja mabinti watano, na alipokata tamaa ya mwana aliona kumeshachelewa kuanza kubana matumizi.

Nasra: Liko wapi hilo, mjomba?

Mjomba Hamadi: Mwanzo wa sura ya 50. Kwenye nakala ya wifi yako, kitabu cha tatu, sura ya 8.