Mwalimu wa maigizo, Januari imenikuta sina moyo

MwalimuSongea:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu heri ya mwaka mpya.

Nafundisha Kiswahili kwenye sekondari ya kutwa hapa Songea, na huu ni mwaka wa sita nasimamia maigizo. Miaka yote, shule ikifunguliwa, nilikuwa nafungua stoo ya maleba kabla sijashika chaki. Mwaka huu nimeifungua siku ya tatu. Nimekuta mchwa wamekula sanduku kuanzia chini: kaniki nne, msuli wa mganga, na zile kanga tulizoziunga zikawa pazia. Kibuyu cha maji ya Kinjeketile, yule mganga wa vita vya Majimaji tuliyekuwa tunamwigiza, kimepasuka. Nilikaa juu ya dawati bovu, nikakipakata tu.

Mchwa ningewavumilia. Kinachoniuma ni kwamba waigizaji wangu wote wamemaliza Kidato cha Nne Novemba. Aliyekuwa Kinjeketile alikuja kwangu ana kigugumizi, akaondoka anasikika mpaka barabarani. Sasa yuko kwao anapalilia mahindi, anasubiri matokeo. Na mimi nina watoto 82 wa Kidato cha Kwanza ambao hata jina lao wanalitaja wakiangalia sakafu. Kipindi chetu cha Ijumaa kimepewa hesabu za ziada. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba maigizo ni ya siku ya mahafali.

Kazi hii naipenda, sitaki kuiacha. Nyie wenzangu, moyo wa kuanza upya kila Januari mnautoa wapi?

BabaWaJukwaa:
Marahaba mwanangu, pole sana.

Nimestaafu baada ya miaka 31. Bagamoyo nilisoma kikiitwa bado Chuo cha Sanaa, haijawa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Nikuombe kitu kimoja: stoo iache kwanza. Wiki ya kwanza usigawe nafasi, usishike muswada. Watoe nje chini ya mti, wagawe makundi, wasimame duara. Kila mtoto ataje jina lake, kisha aonyeshe kazi anayoifanya nyumbani asubuhi, bila kusema neno. Wenzake wote wamwigize.

Mwaka mmoja nilikuwa nimeshaandika barua ya kuomba uhamisho, iko mfukoni. Zamu ikamfikia kijana mmoja mkimya. Akainama, akamtupa mtoto asiyekuwepo mgongoni, akavuta kanga isiyokuwepo, ncha moja akaibana kwa meno huku mkono unatafuta ya pili nyuma. Halafu akajitikisa kidogo mtoto akae vizuri. Alikuwa analea mdogo wake, na hakuna mwalimu aliyekuwa anajua. Barua ile sikuipeleka.

Tena hapo Ungonini mna ngoma yenu ya lizombe. Mtoto anayeogopa maneno mwanzishe kwa miguu, maneno yatamfuata.

TichaBungoma:
Mwalimu, salamu kutoka Kenya. Mzee amesema vyema, ila mimi naona unakosa tarehe. Huku kwetu muhula wa kwanza ndio wa tamasha za drama: kaunti ndogo, kaunti, mkoa, halafu kitaifa mwezi wa Aprili. Januari hatuna nafasi ya kukata tamaa, kwa sababu wiki chache zijazo watoto watakuwa jukwaani.

Hata hivyo nikuonye. Mwaka tuliofika kitaifa, mchezo tuliandikiwa na mtu wa nje. Watoto waliukariri kama kasuku, na mimi sikuwa na raha hata siku moja. Tarehe iwepo, lakini maneno yawe yao.

BintiTuseme:
Dada, mimi ni muuguzi, si mwalimu, ila hilo la Ijumaa limenigusa. Shuleni nilikuwa kwenye klabu ya Tuseme, ule mpango ulioanza 1996 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na akina Profesa Penina Mlama na Amandina Lihamba. Wasichana tulikuwa tunataja tatizo letu, tunalitungia igizo, tunaliigiza mbele ya walimu, kisha tunakaa nao kulijadili. Letu lilikuwa choo kisicho na mlango. Kwa mdomo tulishasema sana bila kusikilizwa. Tulipoigiza jinsi tunavyokingiana kwa kanga, mkuu wa shule aliinamisha kichwa. Mlango uliwekwa kabla ya likizo.

Usimwombe mkuu wako kipindi. Mwalike aje aone.

MwalimuSongea:
Asanteni. Baba, nimefanya ulivyoniagiza, Alhamisi chini ya mwembe. Binti mmoja ambaye sijawahi kusikia sauti yake alipiga magoti, akaweka shavu karibu na ardhi, akapuliza moto. Akakohoa, akafuta jicho kwa kiwiko, akapuliza tena. Mwenzake wa kulia akasogea nyuma kuukwepa moshi. Moshi gani, na pale hapakuwa na hata kijiti! Nilisisimka mwili mzima.

Ijumaa bado ni ya hesabu. Sisi tumechukua Jumatano saa tisa na nusu, na mkuu wa shule nimemwalika wiki ijayo. Ticha, tarehe nayo ipo: 27 Februari, siku tunayowakumbuka hapa Songea mashujaa wa Majimaji walionyongwa 1906. Wataigiza kile walichosimuliwa na mabibi na mababu zao, nimewatuma wakaulize.

Aliye Ruvuma na ana kibuyu kikubwa asichokitumia, tafadhali aniambie. Nitakifuata mwenyewe.