Naomba ushauri: mteja anazikataa picha zake nzuri

Habari zenu wadau, hasa wapiga picha wenzangu. Kazi yangu ni kupiga picha za watu, na kuna jambo linaniumiza. Mteja anakaa mbele ya kamera anang'aa kabisa, nikimwonyesha picha anaziba skrini kwa kiganja: "Hapana, futa hiyo, huyo si mimi." Wa juzi ni mama wa makamo mwenye mikunjo midogo pembeni mwa macho, inayochanua akicheka. Kwangu uzuri wake uko hapo hapo. Yeye aliona uzee tu.

Najua mtu huzoea sura yake ya kwenye kioo, ambayo imegeuzwa kushoto kulia, na selfi ya karibu hukuza pua. Kwa hiyo natumia lenzi ya milimita 85, nasimama mbali kidogo, mwanga laini wa dirishani. Nimejaribu hata kuigeuza picha iwe kama kioo. Wengine huridhika, wengine wapi!

Kulainisha ngozi kwa programu hadi sura ipotee sitaki. Naombeni mnisaidie: picha mnamwonyesha mteja papo hapo au baadaye? Na aking'ang'ania mikunjo yote ifutwe, mnamjibuje bila kumvunja moyo?