Jina la duka la korosho Chikongola: naomba ushauri kabla kibao hakijachorwa

Kutoka: Dada wa Chikongola, Leicester

Wakubwa wangu shikamooni, na wadogo habari zenu.

Mimi na mdogo wangu tunafungua duka dogo Chikongola, Mtwara mjini. Yeye yuko hapohapo, mimi natuma hela kutoka huku. Tutabangua na kukaanga korosho, tufunge pakiti za robo na nusu kilo, na pembeni tuweke unga wa muhogo na ufuta wakati wa msimu. Chumba tumeshalipia, na akina mama watatu wa kubangua wamepatikana. Jina ndilo limetukwamisha, hii wiki ya tatu.

Mimi nataka la Kizungu, maana naota siku moja pakiti zetu zifike huku. Mdogo wangu anataka Kuchele, yaani kumekucha kwa lugha ya kwetu. Mume wangu anasema tuweke Makonde, kwa sababu Wazungu wameshalizoea kwa vinyago. Kijana mmoja wa Dubai kaniandikia pembeni kwamba Kangomba ndilo litakaloshika haraka, kila mtu kusini analijua. Fundi wa kibao anataka jibu Ijumaa. Nisaidieni jamani.

Kutoka: Mjomba wa Mikindani, Muscat

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kutafuta wabanguaji kabla ya kibao.

Mimi nilifungua duka Mikindani mwaka 2016 kwa mtindo huohuo wako: mimi Muscat, mtoto wa dada yangu kaunta. Nikachagua jina la Kiingereza, maneno mawili marefu, kwa sababu lilinipendeza nikiwa nimekaa huku peke yangu. Yule kijana kila akilitaja analitamka vingine. Wateja hawakuhangaika nalo. Duka lina ngazi tatu za mawe mlangoni, basi wakawa wanaambiana "nenda pale ngazini". Tulipoweka lipa namba ndipo nilipoumia. Mteja anaingiza namba, simu inamletea jina asilolijua, anasita, anauliza "hela hii inakwenda kwa nani?", wengine wanafuta muamala na kuondoka. Mtu aliyekuja na hela yake mkononi anaondoka kwa ajili ya jina!

Mwaka wa pili nikakubali kuitwa Ngazini. Lakini kubadili jina kulinichosha: kusajili upya BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TRA (watu wa kodi) wapelekewe taarifa, leseni ya manispaa, akaunti ya benki, mhuri, vitabu vya risiti, kibao. Kwa hiyo kabla hujamjibu fundi, muulize mdogo wako watu wa mtaani hapo wameshaanza kupaitaje. Yeye ndiye atakayelitamka jina hilo mara mia kwa siku. Wewe utalisikia kwenye simu tu.

Kuchele nalipenda, na sijui mtu wa kwetu asiyelipenda. Kumekucha! Timu ya soka ya Ndanda ilipokuwa Ligi Kuu tuliwaita Wana Kuchele, na Mtwara Kuchele utaisikia hata kwa mtoto. Sasa neno la watu wote, mwanangu, litakuwaje la duka moja? BRELA wanakataa jina linalofanana mno na lililokwisha sajiliwa. Mdogo wako aingie kwenye mfumo wao wa mtandaoni atafute kwanza, na asitafute jina zima tu. Atafute neno lenyewe peke yake, kisha alitafute kwa tahajia ambazo mtu mwingine angeweza kuliandika.

Makonde liache. Hilo ni kabila, na akina mama watakaokubangulia wanaweza kuwa Wamakua, Wayao au Wamwera, nao mikorosho ni yao vilevile. Na sisi wa kusini tunajua jina la kabila likishaingia kwenye biashara linakokwenda. Wamachinga ni watu wa Lindi, wana lugha yao na mila zao, lakini leo ukisema machinga nchi nzima inaona kijana aliyebeba mitumba begani.

Jambo jingine ambalo wengi wetu huku nje tunalichanganya. Kusajili jina la biashara hakulifanyi jina kuwa mali yako. Kunaonyesha nani yuko nyuma ya biashara, basi. Ukitaka mtu asiliandike kwenye pakiti yake, sajili alama ya biashara, nayo ni hapohapo BRELA kwa upande wa Bara. Zanzibar wana usajili wao. Inadumu miaka 7 ya kwanza, kisha unaihuisha kwa miaka 10 kila mara. Na jina linalotaja bidhaa na mahali tu, kama Korosho za Mtwara, usitegemee kulizuia. Mkulima yeyote wa Mtwara ana haki ya kusema hivyo.

Kutoka: Shangazi wa Nachingwea, Toronto

Mwanangu, Kangomba HAPANA. Huyo kijana wa Dubai ama ni mdogo ama hakukulia shambani. Kangomba ni mkulima kununuliwa korosho zake kwa kopo, nje ya mizani na nje ya mnada, mara nyingi zikiwa bado mtini na yeye ana njaa. Baba yangu aliuza hivyo miaka miwili mfululizo ili tulipe ada. Mwaka 2018 serikali ilipozinunua kwa shilingi 3,300 kilo, watu walihakikiwa mashamba kwa sababu ya neno hilo. Mwenye duka la korosho akilitundika mlangoni, mkulima atapita upande wa pili wa barabara.

La pili, karatasi ziandikwe kwa jina la nani? Mdogo wako akijisajili peke yake kwa namba yake ya NIDA (kitambulisho cha taifa), kisheria biashara ni yake. Mkitaka iwe yenu wote wawili, sajilini kama ubia, na muandikiane mkataba: nani ametoa nini, faida inagawanywaje, na mmoja akitoka jina linabaki kwa nani. Mnapendana, najua. Andikeni sasa mkiwa mnapendana.

Na pakiti za chakula siku hizi ni kwa TBS, shirika la viwango, tangu 2019. Jina la kwenye lebo lifanane na la kwenye fomu. Mdogo wako aende SIDO Mtwara, shirika la viwanda vidogo, wamezoea wajasiriamali wadogo, watamwelekeza.

Kutoka: Dada wa Chikongola, Leicester

Shangazi, mjomba, nimewasoma wote wawili kwa sauti nikiwa na mdogo wangu kwenye simu. Nilipofika kwenye habari ya baba yako, shangazi, alinyamaza kidogo. Babu yetu Tandahimba naye aliuza kwa kopo.

Jina langu la Kizungu nimeliacha. Nilimuuliza watu wanapaitaje, akacheka, akasema akina mama wanabangulia chini ya mti wa mkungu ulio mbele ya chumba, na watoto wanaotumwa korosho wanasema wanakwenda "kwa mkungu". Nikampinga, nikamwambia watu watadhani tunauza ndizi. Akalipeleka sokoni, akawatajia wachuuzi kumi, na wanne kweli wakamuuliza ndizi zinatoka wapi. Basi mmoja wa wale mama akasema ongezeni -ni tu: Mkunguni. Halina ndizi tena, na hata mwanangu aliyezaliwa huku Leicester amelitamka sawasawa mara ya kwanza.

Kesho asubuhi, mtandao ukiwa mwepesi, ataingia BRELA kulitafuta. Atatafuta Mkunguni na Mkungu pia. Fundi wa kibao amekubali kusubiri mpaka Jumatatu.

Mwenye mfano wa mkataba wa ubia wa ndugu wawili, mmoja yuko nje mmoja nyumbani, naomba anitumie.