Napanda treni Kigoma mpaka Dar, nijaze muvi gani za treni kwenye simu?

MwangaSokoni:
Wakuu habari za jioni. Wiki ijayo nashuka Dar na treni, na mnajua hiyo ni zaidi ya kilomita 1,200, unalala unaamka bado upo njiani. Nataka nijaze muvi kwenye simu mapema na nataka za treni tu, yaani niangalie treni nikiwa ndani ya treni 😂. Kwangu namba moja ni Unstoppable ya Denzel, nimeiona mara 10 hivi, ya kwanza kibanda umiza hapa Mwanga, ile ya kutafsiriwa, dijei alikuwa anapiga kelele kuliko honi ya treni yenyewe. Sharti moja tu, treni iwe steringi. Zile za jamaa anapanda dakika mbili anapigana juu ya paa anashuka sitaki.

Isevya_Original:
Mkuu hiyo Unstoppable unajua ni tukio la kweli? Ilitokea Ohio, Marekani, mwaka 2001, treni ya mizigo mabehewa 47 ilitembea karibia saa mbili haina mtu ndani. Muvi ilitoka 2010 wakaongeza chumvi, ile ya kweli mwendo wake ulikuwa kama kilomita 80 kwa saa tu na hakufa mtu. Halafu waliisimamisha hivi, kichwa kingine kikaikimbiza kikaishika mkiani kikaanza kuivuta nyuma, ilipopungua mwendo jamaa akakimbia pembeni akapanda. Sisi tumezoea kusikia watu wanadandia treni kwa mbele, wale waliidandia kwa nyuma.

Mstaafu wa Reli:
Wanangu hamjambo. Mimi nimekaa yadi ya Tabora miaka mingi, niongeze kidogo. Watu wanauliza dereva anawezaje kuiacha treni, ni hivi: kule yadini Ohio mabehewa hayakuwa yameungwa mabomba ya upepo, na treni ndefu bila upepo wa breki kwenye mabehewa unabaki na breki ya kichwa peke yake, ambayo ni sawa na kuzuia ng'ombe 47 kwa kamba moja. Dereva akaona njia mbele haijageuzwa, akashuka akaigeuze mwenyewe, akijua ameacha injini inazuia kumbe ameiacha inavuta. Kurudi kudandia akashindwa. Basi. Wengi walicheka kwenye muvi, mimi sikucheka.
Ukitaka treni ndiyo steringi tafuta The General ya Buster Keaton, ya mwaka 1926. Haina maneno kwa hiyo hata dijei hahitajiki. Ni gari la moshi, kuni zinachochewa, na pale daraja linapoungua kichwa kinaanguka mtoni, kile ni kichwa cha kweli, siyo mwanasesere wala kompyuta. Walikiacha hukohuko mtoni miaka na miaka.

Isevya_Original:
Shikamoo mzee wangu. Ya 1926 tena 😅 ngoja niitafute.

dada_wa_Ujiji:
Marahaba za mzee siziingilii ila jamani mnasahau Train to Busan?? Wakorea, 2016, mazombi ndani ya treni ya mwendokasi kutoka Seoul. Ile kitu nililia mwishoni yule baba na mwanae, mume wangu akaniuliza nimefiwa na nani. Ila kaka usiiangalie usiku behewani taa zikizimwa, mtu akipita kwenda chooni utampiga na ndoo ya dagaa.

MwangaSokoni:
Dada dagaa wa zawadi hao hawapigi mtu 😂

Gongoni2:
Mie naweka The Ghost and the Darkness, 1996, simba wa Tsavo wanakula wajenzi wa reli ya Kenya mwaka 1898. Ni hapo jirani tu. Japo wamechakachua, simba wa muvi wana manyoya shingoni wakati wale wenyewe hawakuwa nayo, wapo makumbusho Chicago mpaka leo, na yule mwindaji aliyeigizwa na Michael Douglas ni wa kutungwa. Sema treni yenyewe haionekani sana kwa hiyo kwa sharti lako imefeli. Ila hivi kweli reli yetu hii ya Mjerumani, imefika Kigoma 1914, imepita pori lote la Malagarasi, hakuna mtu kaishutia muvi ya maana?

MwangaSokoni:
Swali zuri hilo mkuu, anzisha uzi wake. Mimi nimechukua Busan na ya mzee. Mzee, kuna nyingine ya gari la moshi?

Mstaafu wa Reli:
Sholay ya Wahindi, 1975. Mwanzoni tu majambazi wa farasi wanaivamia treni ya mizigo. Na ukifika Tabora treni ikisimama shuka ununue asali, ila angalia isikuache, haisubiri mtu anayebishania bei.