Pijo ya Umau: gumzo la kikundi cha familia, "Watu wa Mzee", kuhusu Peugeot 504 ya babu (Umau kwa Kikamba)

*Alhamisi*

Anko Musyoka, 19:04
Nimepita Buruburu mchana nikakuta Pijo imepandishwa juu na boneti iko ukutani. Nani ameruhusu?

Mama Ndinda, 19:06
Muulize baba yako. Mimi hata pa kuanika nguo sina.

Ndinda, 19:09
Habari Anko. Mimi na Umau tunafungua injini yote.

Anko Musyoka, 19:10
Si mngeweka oili nzito tu? Mzee huiendesha mpaka kanisani na kurudi.

Ndinda, 19:15
Oili nzito tumeweka mpaka basi. Asubuhi ikiwaka, moshi wa buluu unafanya majirani wafunge madirisha. Tumepima kompresheni, yaani silinda inavyobana hewa, kwa geji. Silinda tatu zinafika 125 mpaka 130. Moja imekwama 85. Nikatia oili kidogo kwa tundu la plagi ya hiyo moja, tukapima tena, ikapanda 120.

Anti Mwende, 19:17
Na sisi wa uhasibu tuelewe nini hapo 😂

Ndinda, 19:20
Anti, ile oili inaziba nafasi kati ya ringi na ukuta wa silinda kwa dakika chache. Kipimo kikipanda hivyo, ugonjwa uko kwa ringi za pistoni na slivu, lile bomba la silinda pistoni inamopanda na kushuka. Kingebaki palepale tungeangalia valvu.

Anko Musyoka, 19:22
Ni silinda ya ngapi? Ya kwanza hapo kwa feni?

Umau, 19:26
MUSYOKA. PIJO HAIHESABIWI KUTOKA KWA FENI. YA KWANZA IKO NYUMA KWA FLAIWILI. MBOVU NI YA TATU.

Anko Musyoka, 19:31
Sawa Mzee. Lakini wacha niseme. Kirinyaga Road kumejaa injini za Toyota zilizotoka Japani. Unachukua moja nzima na giaboksi yake, wiki moja gari iko barabarani. Hii mnayofanya mtatafuta vipuri mpaka Krismasi.

Ndinda, 19:38
Anko ingia chini ya gari uone kwanza. Propela ya Pijo, ile fimbo inayopeleka nguvu nyuma, iko ndani ya bomba. Hilo bomba limefungwa kwa giaboksi mbele na kwa difu, gia za ekseli, nyuma, ni kitu kimoja kigumu. Ukileta giaboksi ya Toyota, bomba unakata, propela unachongesha mpya, na difu unaitafutia kitu kingine cha kuishikilia. Bado mauntini za injini. Bado NTSA, wale wa usajili wa magari, kwa sababu namba ya injini iko kwa logibuku. Hiyo wiki moja umeitoa wapi?

Baba Ndinda, 19:44
Niko Mombasa lakini nasoma. Mwacheni mtoto afanye kazi. 504 imeendelea kuunganishwa Kenya mpaka 2004, vipuri haviwezi kukosekana.

Umau, 19:47
ANDERSSON ALISHINDA SAFARI RALI 1975 NA 504. NICOLAS 1978. SASA NIWEKE TOYOTA NDANI?

Anko Musyoka, 19:48
Mzee ile ya Nicolas ilikuwa kupe ya silinda sita.

Umau, 19:50
YA 1975 ILIKUWA SALUNI YA SILINDA NNE. KAMA HII.

Anti Mwende, 19:51
Musyoka lala 😂😂

*Jumamosi*

Ndinda, 16:12
📷 Hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, imetoka. Nilitaka kuzungusha krenki, ule mhimili unaosukuma pistoni, nione zote, Umau akanishika mkono. Slivu za Pijo ni za maji. Zimekaa tu ndani ya bloku, maji yanazizunguka, na hedi ndiyo inazikandamiza zisiinuke. Hedi ikishatoka, pistoni ikipanda inaweza kuinua slivu, sili ya chini inaharibika, maji yanaingia kwa oili. Kwa hiyo tumezibana kwanza kwa bolti na washa kubwa. Kama zingekuwa nzima tungebadilisha ringi peke yake.

Anti Mwende, 16:15
Na ziko nzima? Nauliza kama mweka hazina.

Ndinda, 16:24
Hapana Anti. Fundi wa mashine huko Kariobangi Light Industries alikuja na geji yake. Kipenyo cha mwanzo ni milimita 88. Ya tatu, pale juu ringi inapogeukia, imelika zaidi ya robo milimita. Ukipitisha ukucha unaskia ngazi. Zile tatu zimelika pia, ila si hivyo.

Anko Musyoka, 16:26
Kwa hiyo bloku inaenda kuchongwa. Gharama hiyo.

Ndinda, 16:29
Hatuchongi chochote. Slivu inatoka, mpya inaingia, na inakuja seti na pistoni yake na ringi. Bloku inabaki vile ilivyotoka kiwandani. Hapo ndipo nimempenda Mfaransa.

Mama Ndinda, 16:40
Ndinda, hili katoni la maziwa lenye vyuma kwa meza yangu ni lako? Nimekaribia kulitupa na taka.

Ndinda, 16:41
MAMA USITUPE

Ndinda, 16:43
Hizo ni valvu nane. Nimetoboa matundu na kuandika namba, kila moja irudi kwa kiti chake. Tukichanganya tutaanza kusaga upya zote.

Mama Ndinda, 16:44
Basi zitoke kabla ya chakula cha jioni. Muthokoi na oili ya gari havilingani.

*Jumatano*

Ndinda, 13:05
Krenki imerudi kutoka kusagwa, inang'aa. Lakini beringi tulizouziwa mjini si zake. Boksi limeandikwa saizi ya kwanza ya kupunguza, ndani ganda lenyewe la beringi nyuma limepigwa mhuri STD, yaani saizi ya kawaida ya krenki isiyosagwa. Krenki ikishapunguzwa, ganda la STD linaacha nafasi kubwa, oili inatoroka, presha inashuka.

Anti Mwende, 13:07
Mwenye duka anasemaje?

Ndinda, 13:10
Anasema "zote ni sawa, zitajikaza zenyewe." Umau amecheka mpaka akakaa chini. Tumebadilishiwa. Kuanzia leo nasoma mgongo wa ganda kabla ya kulipa.

Baba Ndinda, 13:15
Hedi je?

Ndinda, 13:21
Tumeweka rula ya chuma juu yake na fila geji chini. Imepinda kidogo katikati, imepitishwa mashine. Valvu tumezisaga kwa mkono, mimi na Umau kwa zamu, halafu tukamwaga petroli kwa mashimo ya kuingilia hewa na ya kutolea moshi tukasubiri. Moja ya moshi ilikuwa inalia machozi. Tumeirudia. Sasa zote kavu.

Anko Musyoka, 13:30
Mko na spana ya toki, ile ya kupima nguvu ya kukaza?

Umau, 13:33
IKO KWAKO, ILE ULIYOCHUKUA KWANGU.

Anko Musyoka, 13:34
Nitaileta Jumamosi Mzee.

*Jumamosi*

Ndinda, 11:48
Slivu ziko ndani. Kabla ya gasketi tumepima zinavyochungulia juu ya bloku. Zinatakiwa zilingane, maana moja ikiwa chini ya wenzake, hedi haiikandamizi na gasketi itavuja hapo. Ya pili ilikuwa chini, tumeibadilishia sili.

Anti Mwende, 15:20
Musyoka amefika ama anatafuta maegesho Kirinyaga Road?

Mama Ndinda, 15:22
Yuko hapa na ovaroli ya watu. Anakaza bolti za hedi, Mzee anamhesabia kama mtoto wa darasa la pili. Kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, mzunguko baada ya mzunguko.

Ndinda, 17:55
🎤 Sauti, sekunde 9

Baba Ndinda, 17:56
Imewaka!!

Anti Mwende, 17:56
Wee! Moshi je?

Ndinda, 17:58
Mweupe kidogo mwanzoni, ukaisha. Buluu hakuna.

Anko Musyoka, 18:02
Sasa tuiache inguruma hapa nje siku mbili izoee.

Ndinda, 18:06
Hapana Anko, ringi mpya zinataka mzigo ndio zikae kwa slivu. Ikinguruma tu bila kazi, ukuta wa slivu unang'aa na kuteleza kama kioo, ringi hazikai, na injini itaanza kula oili tena. Kesho tunaenda Machakos, kupanda na kushuka, bila kuikanyaga sana, bila kushikilia mwendo mmoja. Umau anaendesha.

Umau, 18:07
SAA KUMI NA MBILI ASUBUHI. ANAYECHELEWA APANDE MATATU.

Anti Mwende, 18:10
Ndinda kwa hesabu yangu mmenunua oili mara mbili. Hii ya pili ni ya nini?

Ndinda, 18:12
Iliyo ndani tunaimwaga baada ya kilomita 500. Vitu vipya vikisuguana vinatoa chembe za chuma, hatutaki zizunguke na beringi.

Anko Musyoka, 18:13
Mnamwaga oili ya kilomita 500? Hiyo bado ni mpya kabisa!

Anti Mwende, 18:14
Musyoka, mchango wako wa mwezi huu bado sijauona. Namba ya M-Pesa ni ileile.