Kijana anataka kusomea udaktari ng'ambo: aende wapi ili karatasi zipite akirudi Lubumbashi?

MamaKatuba

Jambo wote. Kijana wetu amemaliza sekondari, opsheni ya kemia na biolojia, diploma ya Leta (ya serikali, ya kumaliza sekondari) asilimia 68. Anataka kusomea udaktari. Komisionere (dalali) mmoja wa hapa mjini anatuonyesha China au India, masomo kwa Kiingereza, anasema «miaka 6 na mambo yamekwisha». Anataka dola 1500 mkononi, kisha ndipo barua ya kukubaliwa itafuata. Baba yake anasema abaki UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi. Kijana Kifaransa anakijua vizuri, Kiingereza ni kidogo. Akirudi na diploma ya huko, ataruhusiwa kutibu hapa? Na kama siku moja angependa kufanya kazi Ulaya, ni njia ipi haimfungii mlango? Naomba mnieleze wazi, hata kama jibu ni chungu.

Docta_Kamalondo

Mama, hiyo 1500 usiitoe. Barua ya kukubaliwa inatoka chuoni, na ada inalipwa kwenye akaunti yenye jina la chuo, si jina la mtu. Mkiletewa barua, andikieni ofisi ya wanafunzi wa kigeni kwa anwani mliyoitafuta wenyewe kwenye tovuti ya chuo (siyo ile aliyowapa yeye), mtaje namba ya barua na kuuliza kama ni yao. Kwa China, muulizeni pia chuo kama kimo kwenye orodha ya Wizara ya Elimu ya huko ya vyuo vinavyoruhusiwa kufundisha udaktari kwa Kiingereza. Kuna vyuo vinavyopokea wageni na kuwafundisha kwa Kiingereza bila kuwemo.

Sasa hesabu ya miaka. China ni 5 ya masomo na 1 ya staji (mazoezi ya kazi hospitalini). India ni 4 na nusu, kisha mwaka 1 wa staji. Urusi ni 6, na kabla yake mwaka wa lugha. Kwa Kiingereza kidogo, mwekee kijana mwaka mmoja wa lugha popote aendapo. Akirudi, anapeleka diploma Kinshasa, Wizara ya ESU (ya elimu ya juu), kutafuta ekivalansi (karatasi ya kuitambua kuwa sawa na ya hapa), ndipo aombe kuandikwa kwenye Ordre des Médecins, baraza la madaktari. Bila kuandikwa huko hana haki ya kutibu, hata awe na diploma ya dhahabu. Pangeni pesa za miaka 8, msipange za 6.

Kinachoniuma zaidi ni kitanda cha mgonjwa. Darasani ni Kiingereza, lakini mgonjwa wa China anasema Kichina, na wa India anasema Kihindi au Kitamil. Mwanafunzi asiyeweza kumuuliza mgonjwa «inauma wapi, tangu lini» anasimama nyuma ya wenzake miaka miwili akitazama migongo. Anarudi na alama nzuri na mikono ambayo haijashona kidonda wala kupokea mtoto.

Angalieni mgonjwa wa kila siku hapa kwetu, mtoto mwenye malaria kali. Artesunate ya sindano ni 3 mg kwa kila kilo akiwa chini ya kilo 20, na 2.4 mg kwa kila kilo kuanzia kilo 20. Dozi ya kwanza papo hapo, ya pili baada ya saa 12, ya tatu kwenye saa 24, kisha mara moja kwa siku hadi aweze kumeza, ndipo amalize na vidonge vya dawa mseto siku 3. Kitabuni ni nusu ukurasa. Wodini ni kupata mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji, kupima sukari haraka kwa sababu degedege lile laweza kuwa sukari imeshuka, kutazama weupe wa viganja na kuamua kama damu itafutwe usiku huohuo. Anayesomea mahali pasipo na malaria hayo hayaoni. Kijana akienda mbali, likizo zake ndefu azitumie kwenye wodi za watoto za hapa, kwa barua rasmi ya staji yenye tarehe na muhuri. Barua hizo zitamsaidia pia mbele ya wanaokagua masomo yake.

Hati_na_Mihuri

Naongeza jambo linalokwamisha watu wengi kuliko mitihani: majina. Diploma ya Leta ina majina matatu, yaani jina, postnomu (jina la pili) na prenomu (jina kama Jean au Marie). Fomu za vyuo vya nje zina visanduku viwili tu. Mwaka wa kwanza postnomu inaingia kwenye jina la ukoo, mwaka wa tatu karani mwingine anaiacha, na diploma inatoka na majina mawili yaliyogeuzwa. Huku Kinshasa anayekagua anaona watu wawili. Kusahihisha diploma ukiwa umesharudi ni kazi ya miezi.

Dawa yake: pasaporti itoke kabla ya kuomba chuo, herufi zilingane na diploma ya Leta moja kwa moja, na kila fomu ifuate pasaporti, si kumbukumbu. Matokeo ya mwaka wa kwanza yakitoka, soma jina kwanza, alama baadaye. Likiwa na kosa, lirekebishwe wiki hiyohiyo.

Kabla ya safari, diploma ya Leta na buletini (karatasi za alama) zipate mihuri ya hapa, kisha ya ubalozi wa nchi anakokwenda, na tafsiri ya mkalimani aliyeapa. Kama original ya diploma haijatoka, anzeni kuifuatilia sasa. Wakati wa kurudi, asipande ndege kabla diploma, alama za kila mwaka na cheti cha staji havijapita wizara ya mambo ya nje ya nchi ile na ubalozi wa Kongo ulioko huko. Akiwa Lubumbashi, muhuri mmoja uliosahaulika unamgharimu tiketi.

Na mwaka wa staji usikatwe. Uganda na Tanzania pia ni miaka 5 ya masomo, kisha mwaka 1 wa staji. Anayekimbilia nyumbani baada ya sherehe ya kuhitimu amebeba diploma bila kibali kamili cha nchi iliyomsomesha.

Mfamasia_Ruashi

Kuhusu Ulaya. Tafuteni chuo kwenye World Directory of Medical Schools (orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari) kabla ya kitu kingine chochote. Kisipokuwemo, Uingereza na Marekani zimefungwa. Kikiwemo, fungueni ukurasa wake mwangalie maelezo ya ECFMG (shirika la Marekani linalokagua madaktari waliosomea nje), yanataja wahitimu wa miaka ipi wanakubaliwa.

Uingereza wanataka IELTS (mtihani wa Kiingereza) 7.5 kwa jumla, na hakuna sehemu iliyo chini ya 7.0, kisha PLAB, mtihani wa madaktari waliosomea nje: ya kwanza ni maswali 180 kwa saa 3, ya pili ni vituo 16 vya wagonjwa wa kuigiza, dakika 8 kila kimoja, na hufanyika Manchester tu. Ufaransa ni EVC, mtihani wa ushindani wenye nafasi za kuhesabika kwa kila fani (tawi la utaalamu). Ujerumani wanapima Kijerumani cha hospitali kiwango cha C1, yaani cha juu. Mnaona kwamba aliyesomea China na aliyesomea UNILU wanapita mlango uleule na mtihani uleule.

Neno dogo kwa anayerudi kutoka Kiingereza kuja Kifaransa. BP (shinikizo la damu) inakuwa TA. Sukari 5.6 mmol/l huko, hapa mashine inaandika 100 mg/dl (zidisha kwa 18). Mkato ndio hatari kubwa: 5,000 ya heparini kwa aliyesoma Kiingereza ni elfu tano, kwa nesi wa Kifaransa mkato ule ni desimali. Aandike 5000 bila alama yoyote.

MamaKatuba

Aksanteni sana. Kwa hiyo baba yake ana haki?

Docta_Kamalondo

Kwa maoni yangu, ndiyo, Mama. Udaktari wa jumla asomee karibu, kwa lugha anayoijua, kwenye magonjwa atakayoyatibu. Ng'ambo aende kwa fani. Docta Mukwege alisomea Bujumbura, akafanya kazi hospitali ya Lemera, Kivu ya Kusini, ndipo akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, akijua tayari ni tatizo gani anakwenda kulitafutia mikono. Ufaransa hadi leo kuna DFMS na DFMSA, diploma za fani kwa madaktari wa nje wanaotaka fani. Maombi hupitia ubalozi wao.

Ningebadili mawazo kwa jambo moja tu: bursi (msaada wa masomo) ya Morocco, yaani ya AMCI, shirika la serikali yao la ushirikiano. Masomo ni kwa Kifaransa, vyuo ni vya serikali, maombi hupitia mamlaka za nchi yetu, si komisionere. Hata huko wagonjwa wanasema Darija, aanze kujifunza mwezi wa kwanza.

Wiki hii nendeni kwenye baraza la mkoa la Ordre, muombe orodha ya wanachodai kwa aliyesomea nje, kwa maandishi. Na ile barua ya komisionere mkiipata, iwekeni hapa tuisome pamoja, ila mfunike kwanza jina la kijana na namba ya pasaporti.